Mjomba ameuza kiwanja changu kwa mwalimu, na shahidi wangu ni mama

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mjane wa miaka 41, fundi cherehani, nina watoto watatu. Tunaishi chumba na sebule vya kupanga Mbagala.

Mwaka 2019, miezi ya mwanzo, mjomba wangu, kaka yake mama wa tumbo moja, alitumegea kiwanja cha 20 kwa 20 kwenye shamba lake upande wa Mkuranga, akatuuzia kwa shilingi milioni nne. Fedha ilitoka kwenye mgao wangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na akiba ya mume wangu aliyekuwa dereva wa daladala. Tuliandikishana kwa mwenyekiti, karatasi ikaandikwa kwa mkono na kupigwa muhuri, tukatoa na asilimia kumi ya ofisi. Waliosaini kama mashahidi ni jirani mmoja wa shamba na mama yangu mzazi. Mke wa mjomba hakusaini, lakini siku hiyo yeye ndiye aliyetupikia, na fedha ilihesabiwa mbele ya macho yake.

Tukaweka mawe kwenye kona zote na kupanda michongoma. Mwaka uliofuata mume wangu akaanza kuugua figo. Kila senti ikaishia hospitali, na 2021 Mungu akamchukua. Kule shamba nikawa siendi. Sikukuu nikimpigia mjomba kumsalimia ananiambia, "Kiwanja chako kipo, usiwe na wasiwasi."

Mwezi uliopita yule jirani akanipigia simu. "Hongera mama, naona umeanza ujenzi." Sijawahi kupeleka kule hata tofali moja. Nilipofika nikakuta msingi umeshafungwa, tofali zimepangwa, fundi ananiuliza mimi ni nani. Mwenye ujenzi ni mwalimu wa shule ya msingi, binti mdogo tu. Akanionyesha mkataba uliochapwa kwa wakili, una picha yake na ya mjomba, saini ya mjomba na ya mkewe, mwaka 2023, milioni tisa na nusu. Fedha yenyewe ni mkopo ambao anakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Alilia, nami nikalia. Lakini nikilala usiku nasema huyu hawezi kuwa hakujua. Mawe yangu aliyaona, michongoma aliing'oa.

Mjomba hakukana. Amesema nilikitelekeza, ardhi haikai bure miaka yote hiyo, na yuko tayari kunirudishia milioni nne zangu kidogo kidogo kila akiuza korosho. Kwa bei za sasa milioni nne hainipi hata nusu ya kiwanja eneo lile.

Ndugu waliitisha kikao wakaniambia nipokee fedha, damu ni damu. Mama anasema nikimpeleka kaka yake mbele ya sheria nitakuwa nimemzika yeye akiwa hai. Dada yangu mkubwa anataka niende polisi, mjomba alazwe ndani siku mbili atatapika kiwanja. Na kuna mtu anayejua mambo ya ardhi ameniambia karatasi ya mwenyekiti haiwezi kusimama mbele ya mkataba wa wakili, nisipoteze nauli.

Nikinyamaza, wanangu wamepoteza kitu pekee alichowaachia baba yao. Nikisema, nampoteza mama. Nishauri, mwenzio nimechoka.

Mjane, Mbagala


Marahaba mdogo wangu, na pole. Pole kwa mume, pole kwa kiwanja, na pole zaidi kwa kile kikao ulichokaa peke yako ukisikiliza watu wakikwambia damu ni damu, kana kwamba wewe damu yako ni ya mtu mwingine.

Nikuambie mapema kwamba mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria, na migogoro ya ardhi ndiyo inayonijia zaidi kuliko mingine yote. Nitakupa ninachokijua, lakini yupo mtu anayepaswa kuishika karatasi yako mkononi na kuisoma mstari kwa mstari. Nitarudi kwake chini.

Nikiielewa barua yako, umeweka mezani mambo mawili ukayafunga fundo moja. Kuna swali la kiwanja ni cha nani, na kuna swali la utaishije na mama yako baada ya hapo. Ndugu zako wanalitumia la pili kukuzuia usiulize la kwanza. Nakuomba uyafungue. Kujua haki yako ilipo hakumpeleki mtu yeyote mahakamani. Unaweza kuijua haki yako yote, ukaishika, kisha ukaamua kusamehe sehemu yake. Huo ni msamaha. Ukiachia bila kujua ulichokuwa nacho, umenyang'anywa tu.

Tuanze na huyu anayejua mambo ya ardhi. Si kweli kwamba mkataba wa wakili unaishinda karatasi ya mwenyekiti kwa sababu tu umechapwa na una picha. Mahakama zetu, hadi Mahakama ya Rufani, zimesema mara kadhaa kwamba watu wawili wakigombea ardhi ile ile, aliyeipata kwanza kihalali ndiye mwenye haki iliyo bora. Sababu yake haihitaji shule. Kama mjomba alikuuzia 2019 na mauziano yale yalikuwa halali, basi 2023 hakuwa na kitu mkononi cha kumuuzia mwalimu. Wakili anaandika yale anayoambiwa na walio mbele yake. Hawezi kumrudishia muuzaji umiliki ambao ameshautoa.

Lakini nimesema "kama mauziano yalikuwa halali", na hapo ndipo nataka ukae na karatasi yako taratibu.

Kwanza, imeandikwa jina la nani? Umeandika "alitumegea", "akatuuzia". Kama jina ni lako, endelea. Kama ni la marehemu, au ni yenu wawili, basi kabla ya kufungua shauri lolote lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa watu wengi hilo hufanyika Mahakama ya Mwanzo. Nimeona wajane wakishinda hoja zote na bado shauri likatupwa kwa sababu aliyelifungua hakuwa na mamlaka ya kusimama kwa niaba ya marehemu. Inauma sana, maana wanarudi mwanzo na fedha imekwisha.

Pili, eneo lile ni la kijiji au limeingia kwenye mji? Hujasema, umesema tu "mwenyekiti". Hili ni zito. Ardhi ikiwa ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamisho upate kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Mwenyekiti peke yake hatoshi hata awe na muhuri mkubwa kiasi gani, na mahakama zimewahi kuyafuta mauziano yaliyokosa kibali hicho. Basi ukienda kule, uliza kama kuna muhtasari wa kikao cha 2019 unaotaja jina lenu. Uliza pia kama upo wa 2023, kwa sababu kisu hiki kinakata pande zote. Watu wanaokwenda moja kwa moja kwa wakili mjini mara nyingi huruka ofisi ya kijiji kabisa, na huenda mkataba mzuri wa mwalimu una shimo lile lile unaloliogopa wewe kwenye wako.

Mwenyekiti wa siku zile naye mtafute. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2019 na tena Novemba 2024, kwa hiyo aliyegonga muhuri wako huenda sasa ni mkulima tu nyumbani kwake. Ushahidi wake bado una uzito, na kumbukumbu zinapaswa kuwa ofisini. Ile asilimia kumi mliyotoa, kama mlipewa risiti, itafute hata kwenye mikoba ya zamani, maana ina tarehe na jina. Karatasi kama haikulipiwa ushuru wa stempu, yaani ile kodi ya serikali kwenye mikataba, upande wa pili unaweza kuipinga isipokelewe, lakini kasoro hiyo hutibika kwa kulipa ushuru pamoja na adhabu ya kuchelewa.

Halafu saini ya mke wa mjomba. Kama shamba wamelichuma pamoja, mke angeweza kusema hakuridhia mauziano ya kwanza, na ndiyo maana mkataba wa pili una saini yake. Hapo ile habari ya kupika na kuhesabu fedha mbele yake ni ushahidi, tena mzuri. Andika leo nani walikuwepo siku ile na nani alihesabu noti. Andika kabla kumbukumbu hazijaanza kupishana.

Kuhusu kutelekeza, mjomba amechanganya mambo. Mtu akishauza na kulipwa fedha yote, hawi tena mlinzi wa kuangalia mnunuzi anajenga lini, wala hapati haki ya kukitwaa kiwanja kwa sababu mnunuzi amechelewa. Na kwa mdomo wake alikuwa akikuambia kiwanja kipo. Kama kati ya hayo kuna ujumbe wa simu, hata mmoja, usiufute. Muda wa kudai ardhi kisheria ni miaka 12, kwa hiyo hujachelewa.

Kinachokukimbiza ni tofali. Kila kozi inayoongezeka, moyo wa mwalimu unazidi kung'ang'ania pale na suluhu inazidi kuwa ghali. Zaidi ya hapo, akianza mchakato wa kupimiwa na kupata hati ya umiliki, mzigo wako unaongezeka maradufu, maana Mahakama ya Rufani imesema mwenye hati huhesabiwa kuwa mmiliki halali mpaka ithibitishwe kwamba aliipata isivyo halali. Ndiyo maana barua mbili fupi, moja kwa mwalimu na moja kwa ofisi ya ardhi ya halmashauri, zenye tarehe na nakala iliyosainiwa kupokelewa, hazipaswi kusubiri kikao cha ukoo. Barua ya namna hiyo haimshtaki mtu. Inasema tu: mimi ninadai eneo hili, tangu 2019, kwa karatasi hii. Baada ya hapo, atakayeendelea kujenga anajenga akijua.

Sasa huyo mwalimu. Mdogo wangu, nimesoma ile sentensi yako ya usiku mara mbili. Inawezekana alijua. Inawezekana pia aliambiwa na mzee wa heshima kwamba mawe ni ya zamani, yalikuwa ya mpangaji wa shamba, akaamini, kama wewe ulivyoamini sauti ile ile kwenye simu. Hujui, na kabla hujajua usimjengee jela kichwani. Kama hakujua, yuko hatarini kukuzidi, kwa sababu wewe ukishinda yeye anabaki na makato ya mshahara kwa ardhi isiyokuwa yake, na atalazimika kumfuata mjomba kudai fedha zake. Kwa upande huo mnahitajiana. Yeye ana mkataba unaothibitisha mjomba aliuza mara ya pili, wewe una karatasi inayothibitisha aliuza mara ya kwanza. Lakini sitakudanganya kwamba maslahi yenu ni mamoja. Kiwanja ni kimoja. Zungumza naye kwa upole, mbele ya mtu wa tatu, na usimkabidhi karatasi yako halisi. Nakala inatosha.

Kuna njia kadhaa mbele yako, na hakuna isiyo na mwiba.

Kupokea milioni nne ndiyo njia yenye amani ya haraka. Kama utaielekea, jiulize kwa nini bei iwe ya 2019 wakati mjomba ameuza kwa ya 2023. Sheria ya mikataba inamruhusu aliyevunjiwa makubaliano kudai fidia ya hasara iliyompata, na hasara yako ni kiwanja ambacho leo hukipati kwa fedha ile. Na "kidogo kidogo akiuza korosho" ni ahadi inayotegemea mvua, bei ya mnada na afya ya mzee.

Kupewa kiwanja kingine kutoka kwenye shamba lililobaki, hii ningependa muiguse kwenye kikao, maana sioni kama kuna aliyeitaja. Msingi wa mwalimu ungebaki, wewe ungekuwa na ardhi, na mjomba angelipa kwa kile anachodaiwa kweli. Hatari yake unaijua: mtu ni yule yule. Ingebidi mjiridhishe kwa majirani kwamba kipande hicho hakina mnunuzi wa tatu, mke wake asaini, mamlaka ya kijiji au mji ihusike ipasavyo, na kama kipo pembeni zaidi au ni kidogo, tofauti ifidiwe kwa fedha.

Kuna Baraza la Kata. Watu wengi bado wanaliogopa kama mahakama, lakini tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kuamua nani mshindi wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Mjomba, mwalimu na wewe mnaweza kukaa pale bila mtu kuitwa mshtakiwa, na pengine mama yako akilielewa hilo moyo wake utatulia kidogo. Wakishindwa kuwapatanisha wanatoa cheti, na hicho ndicho kinachofungua mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zikipita siku 30 bila suluhu, unaweza kwenda huko hata bila cheti.

Kwenye Baraza la Wilaya ndipo panapoamuliwa. Unaweza kuomba zuio la muda ujenzi usimame, nao wataangalia kama una hoja ya kusikilizwa, kama utapata hasara isiyofidika kwa fedha, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa. Ukifungua shauri, muunganishe mjomba na mwalimu wote wawili. Ukimshtaki mmoja na kumwacha mwingine, shauri linaweza kuanguka kwa kasoro hiyo tu. Tegemea muda mrefu, tegemea nauli, na tegemea rufaa. Unaweza pia kushindwa, hasa kama lile suala la kibali cha kijiji litakugeukia. Hapo ungebaki na dai la fedha dhidi ya mjomba, na uhusiano umeshavunjika.

Polisi, alikokuelekeza dada. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inafika miaka saba. Lakini kesi ya jinai haiamui kiwanja ni cha nani. Na mjomba akilala ndani siku mbili, atatapika nini? Anayekikalia kiwanja ni mwalimu. Makubaliano yaliyosainiwa na mzee akiwa mahabusu, kesho wakili wake atasema alilazimishwa. Najua dada yako anasema kwa uchungu wa kukupenda, na mlango huo hautafungwa kesho wala keshokutwa. Ila ukishaufungua, kuurudisha si juu yako tena.

Nimebakiza mama, kwa sababu ndiye aliyekufanya uandike.

Mama yako alisaini karatasi ile. Huenda hapo ndipo penye uchungu wake, zaidi hata ya undugu. Nikimfikiria, naona mama anayejua kwamba siku akiulizwa itambidi aseme kweli, na kweli hiyo itamwangukia kaka yake. Mzazi wa namna hiyo anaweza kusema "utanizika" kwa sababu hana namna nyingine ya kusema "naogopa kuulizwa". Pengine nimekosea. Pengine kuna deni la zamani, kaka aliyemlea baada ya wazazi kufa, jambo ambalo ninyi watoto hamkuambiwa. Mfuate siku isiyo na kikao, umuulize anaogopa nini hasa, na umsikilize bila kumjibu.

Kisha umwambie kwamba hata ikifika mbali, yeye si shahidi pekee. Yupo jirani, yupo mwenyekiti wa wakati ule. Inawezekana kabisa asihitajike kusimama. Siwezi kukuahidi hivyo, kwa kuwa jina lake lipo kwenye karatasi na upande wa pili utaliona. Lakini anastahili kujua kwamba hujaenda kumtumia, na kwamba unachomwomba ni asikukataze kuuliza. Na wewe unastahili kusikia kutoka kwake, angalau mkiwa wawili tu, kwamba siku ile alikuwepo na fedha ilihesabiwa. Kuna wanawake waliopata viwanja vyao wakabaki na ukimya nyumbani kwa miaka. Kuna waliopokea fedha kwa ajili ya mama, na mama akaja kufariki, wakabaki na hasira isiyo na wa kuambiwa. Siwezi kukuchagulia kati ya maumivu hayo. Naweza tu kukuomba usikubali mtu mwingine akuchagulie kwa haraka.

Yule mtu wa kuisoma karatasi yako: tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasioweza kumlipa wakili wanahudumiwa bure. Nenda TAWLA, kile chama cha wanasheria wanawake, au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu. Beba karatasi halisi, nakala, cheti cha kifo cha mume wako, na vyeti vya watoto.

Ukishajua jina lililo kwenye karatasi na kama eneo ni la kijiji, niandikie tena. Na kama kikao cha ndugu kitaitishwa kabla ya hapo, nenda, wasikilize, wasalimie wote. Usisaini kitu. Wakikupa hata laki moja ya "kuanzia", usiipokee bado, kwa sababu mbele ya baraza laki hiyo inaweza kusomwa kwamba ulishakubali kurudishiwa fedha na ukakiachia kiwanja.

Mshauri wako